Sura ya Sita: Anayekumbuka kwa Niaba ya Wote

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, shule nyingi za Kampala humkabidhi mzazi orodha ya mahitaji: rimu ya karatasi, karatasi za chooni, fagio, sabuni, madaftari, pengine na sukari. Kuvinunua vitu hivyo ni shughuli ya asubuhi moja pale Kikuubo au Owino, na yeyote mwenye fedha na nguvu za kubeba anaweza kutumwa. Lakini kabla hajatumwa mtu, yupo aliyekwisha kujua kwamba orodha imetoka. Yupo aliyekumbuka kwamba viatu vya mtoto wa kwanza sasa vinamtosha wa pili, kwamba sweta ya mdogo ilipotea mwezi wa kumi na moja, kwamba karo italipwa kwa awamu mbili na risiti ya awamu ya kwanza ndiyo itakayompitisha mtoto getini. Na baada ya manunuzi, yupo atakayefuatilia kama vitu vilipokelewa na jina likaandikwa. Sura hii inahusu kazi ya mtu huyo. Hoja yake ni moja: kinachomchosha zaidi mwendesha nyumba ni kuyalinda kichwani mambo ambayo hayajaisha, na ulinzi huo haupungui kwa kusaidiwa kazi. Hupungua pale tu jambo zima, tangu kuligundua hadi kuhakikisha limekwisha, linapohamia kwa mtu mwingine.

Mwanasosholojia wa Marekani Allison Daminger ndiye aliyeipambanua kazi hii kwa uwazi mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, alihoji jozi 35 za wenzi, mke na mume kila mmoja peke yake, akaona kwamba kazi ya kufikiri ya nyumbani ina hatua nne: kutambua mapema kwamba hitaji linakuja, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, kisha kufuatilia kama uamuzi umetekelezwa. Wanawake walibeba zaidi kwa jumla, hasa hatua ya kwanza na ya mwisho. Hatua iliyogawanywa kwa usawa zaidi ilikuwa ya kuamua. Ukiutazama mji wa Kampala kwa jicho hilo, mengi yanaeleweka. Baba anaulizwa, "Mtoto aende shule gani ya sekondari?" naye anajibu, na kwa kujibu anaonekana ameshiriki, hata ameongoza. Lakini swali lenyewe lilifika mezani likiwa limepikwa: mtu alikwisha kuulizia karo za shule tatu, akajua alama zinazotakiwa katika mtihani wa kumaliza msingi, akapiga hesabu ya usafiri, akachagua jioni ambayo baba hajachoka. Na uamuzi ukishatoka, mtu yule yule ndiye atakayeubeba hadi mtoto aripoti shuleni. Uamuzi una heshima na huchukua dakika kumi. Hatua zilizouzunguka huchukua miezi na hazina shahidi.

Ndiyo maana hesabu za saa haziufichui mzigo huu wote. Ofisi ya Takwimu ya Uganda ilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2017/18, na kama tafiti za namna hiyo duniani kote, ilikuta wanawake wakitumia saa nyingi zaidi ya wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Ni ushahidi muhimu. Hata hivyo dodoso la saa humwuliza mtu alikuwa akifanya nini, naye hujibu: nilikuwa dukani nikiuza, nilikuwa kwenye teksi, nilikuwa nimelala. Hakuna kisanduku cha mwanamke aliyekaa ndani ya teksi kwenye foleni ya barabara ya Jinja huku akijiuliza kama makaa yatafika Jumapili. Kazi ya kukumbuka haina saa zake. Hujipenyeza katika saa za kazi nyingine, na hapo ndipo ilipo gharama yake.

Gharama hiyo imepimwa. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo ambalo mtu hajalitimiza humwingilia akilini anapofanya shughuli nyingine na kumpunguzia umakini. Walionyesha pia jambo lenye faraja: waliopewa nafasi ya kupanga bayana namna watakavyolitimiza lengo hilo walitulia, ingawa walikuwa hawajalitimiza bado. Akili inaacha kupiga kelele ikijua kwamba jambo lina wakati wake na mahali pake. Kwa hiyo wanaoshauri kuandika orodha hawajakosea. Ila orodha iliyobandikwa jikoni huku mtu mmoja tu ndiye anayeisoma, kuiongeza na kuikumbusha, inampunguzia mtu huyo kidogo sana. Jambo limehama kutoka kichwani kwenda ukutani, lakini mwenyewe hajabadilika.

Mji wenyewe huongeza uzito. Nyumba ya Kampala hujifanyia mambo mengi ambayo kwingineko hufanywa na idara za serikali au kampuni. Bomba likikauka, nyumba inahitaji madumu ya lita 20 yaliyojazwa jana, na bei ya kuchotewa. Umeme wa wengi ni wa Yaka, wa kulipia kabla ya kutumia: mtu hutuma fedha kwa simu, hupokea tarakimu 20, huziingiza kwenye mita. Uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa nafuu, kwa hiyo hata siku ya kununua inahitaji akili. Tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme ulitoka kwa kampuni ya Umeme ukarudi kwa shirika la serikali, lakini ndani ya nyumba anayejua mita imebakiwa na uniti ngapi ni yule yule. Ongeza juu yake jamaa wa kijijini anayehitaji dawa, michango ya harusi na ya matanga, siku ya kumtembelea mtoto wa bweni. Kila kimoja ni kidogo. Vyote pamoja ni ofisi kamili isiyo na karani.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapojibiwa, lile linalosema kwamba huu ni ugonjwa wa wenye nafasi, malalamiko ya akina mama wa Ntinda na Kololo wenye majokofu na magari. Kwa kweli asiye na kitu ndiye anayebeba zaidi. Mwenye fedha hununua gunia la makaa au mtungi wa gesi, halafu hulisahau suala la moto kwa wiki kadhaa. Mkazi wa mitaa ya wasio nacho, kama Bwaise au Namuwongo, hununua makaa ya siku, mafuta ya kupikia ya kupimiwa, umeme wa elfu chache, maji kwa dumu. Kile ambacho mwenzake hukiamua mara moja kwa mwezi, yeye hukiamua kila siku, na kila uamuzi una hatari: kikitangulia kimoja, kingine kinakosekana. Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, pamoja na wenzao, waliwapima wakulima wa miwa nchini India kabla ya mavuno, wakiwa na dhiki, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha mkulima yule yule akifanya vibaya zaidi majaribio ya akili wakati wa dhiki. Uhaba hula nafasi ya kufikiri. Marufuku ya kuzalisha makaa kwa biashara katika mikoa ya kaskazini, iliyowekwa kwa amri ya rais ya Mei 2023, haikuwa habari ya misitu pekee. Kwa mnunuzi wa kila siku, kila tetesi ya kupanda kwa bei ni hesabu mpya ya kupiga kabla ya kulala.

Pingamizi la pili husema kwamba haya ni mawazo ya kigeni: nyumba ya Kiafrika ilikuwa na mama mlezi wa yote, na hakulalamika. Historia haisemi hivyo. Grace Bantebya Kyomuhendo wa Chuo Kikuu cha Makerere na Marjorie Keniston McIntosh, katika kitabu chao cha mwaka 2006 kuhusu wanawake na kazi nchini Uganda tangu 1900, wanaeleza namna taswira ya mke mwema, ambaye nyumba yote ni wajibu wake na hadhi yake, ilivyojengeka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, desturi za mfumo dume zilipokutana na mafundisho ya wamisionari na fikra za watawala wa kikoloni. Shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905, ilizaliwa katika mazingira hayo. Zamani kijijini maswali mengi yalikuwa na wenyewe: ssenga, yaani shangazi, alishika ya malezi ya binti na ndoa yake, bibi alijua dawa za kichanga, na watu wazima wengine walikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mji uliwaondoa wasaidizi hao ukakiacha cheo. Kisha ukaongeza kingine. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na uchumi kuporomoka, sabuni, chumvi na sukari zikiwa adimu, wanawake wengi waliingia katika biashara ili nyumba zao zipate chakula. Tangu hapo mwanamke wa Kampala ni mtafutaji pia, lakini wajibu wa kukumbuka haukugawanywa upya kulingana na hali hiyo.

Wengine watasema ni maumbile: mwanamke huona vumbi ambalo mwanamume halioni, hushika mambo matano kwa mpigo. Ukitaka kujua kinachomfundisha mtu kuona, angalia kadi ya chanjo. Mtoto wa Uganda hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, kisha hurudishwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, halafu miezi 9 kwa ajili ya surua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, mama ana wiki 12: anapitia chanjo ya wiki ya 6 na ya 10 akiwa nyumbani, anajifunza kliniki ipi haina foleni, muuguzi yupi ni mpole, homa ipi ni ya sindano na ipi ni ya kukimbiza hospitali. Baba amerudi kazini kabla kitovu hakijadondoka. Ifikapo wiki ya 14, mmoja ni bingwa na mwingine ni mgeni, na nyumba, kama ofisi yoyote, humpelekea kazi bingwa. Miaka kumi baadaye ubingwa huo huitwa maumbile. Nao wale wasioajiriwa rasmi, ambao ndio wengi mjini, hawana hata siku hizo. Desturi peke yake ndiyo inayowapangia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaume wenyewe: na mzigo wa fedha je? Mwenye nyumba akija, anamtafuta nani? Ni swali la haki. Baba anayejua peke yake kwamba kodi imechelewa miezi mitatu, anayetabasamu mezani huku akiwaza mkopo, amebeba jambo lisilokwisha sawa na mke wake. Waswahili walikwisha kusema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hiyo huwakata wote wawili. Lakini kuna tofauti mbili za kuzingatia. Wanawake wengi wa Kampala hutafuta fedha pia, kwa hiyo mizigo miwili hukutana upande mmoja mara nyingi zaidi kuliko inavyosemwa. Na mzigo wa fedha una jina na shukrani: aliyelipa karo hutajwa katika sherehe ya kumaliza shule, ilhali aliyekumbuka tarehe ya mwisho ya kulipa hatajwi. Dawa ya pande zote mbili ni moja. Siri ya fedha inayofichwa ili kulinda heshima, na orodha ya nyumba inayobaki kichwani kwa sababu "ni rahisi nifanye mwenyewe," zote humfungia mtu mmoja mambo ya watu wawili. Mke hawezi kupokea sehemu ya hesabu asiyoijua, na mume hawezi kupokea sehemu ya nyumba asiyoiona.

Jibu la haraka la mji huu ni kuajiri. Nyumba nyingi, hata za kipato cha wastani, zina msichana wa kazi aliyetoka kijijini, na mikono yake huokoa siku. Lakini mikono ikishaongezeka, usimamizi nao umezaliwa: nani amfundishe, alale wapi, alipwe lini, atarudi baada ya Krismasi au hatarudi. Novemba 2014 video ya mfanyakazi wa ndani akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo jijini Kampala ilisambaa duniani. Mahakama ilimhukumu kifungo mwezi uliofuata, na hofu ya tukio hilo ikaingia katika nyumba ambazo hazikuwa na sababu ya kuogopa. Tangu hapo kuajiri kumeambatana na kuwaza. Zaidi ya hayo, waajiri wengi hupunguza kazi bila kupunguza fikra: mama hubaki na ufunguo wa stoo, hupima sukari asubuhi, huacha maagizo ya chakula cha mchana, hupiga simu saa saba kuuliza. Mtu anayepewa maagizo hayo hawezi kukumbuka kwa niaba ya yeyote, kwa kuwa hakuachiwa kitu cha kukumbuka. Mfanyakazi anayelipwa vizuri, akapewa fedha ya jiko ya wiki na uhuru wa kupanga matoke, posho (yaani ugali) na maharage atakavyo, huondoa jiko zima kichwani kwa mwajiri. Anastahili pia mshahara wa anayefikiri, maana naye ameacha nyumba yake kijijini, pengine na mtoto, na huko pia kuna orodha.

Kanuni hiyo ndiyo ya kuitumia kati ya mke na mume. Kauli ya "niambie tu nikusaidie nini" huonekana ya upole, lakini humwachia mwenzio hatua ya kwanza na ya mwisho, zile zinazochosha. Kinachofaa ni kukabidhi eneo: umeme na maji ni vya mmoja, tangu kujua kwamba vinakaribia kwisha, kliniki na kadi za chanjo ni za mwingine, shule ya mtoto wa kwanza kwa huyu, ya wa pili kwa yule, pamoja na makundi ya WhatsApp ya darasa na namba ya mwalimu. Ukubwa wa maeneo upimwe kwa idadi ya mambo yasiyokwisha yaliyomo, wala si kwa jasho. Kuosha gari kila Jumamosi kunatoa jasho, lakini hakumwamshi mtu usiku. Wazazi wakae kabla ya kila muhula, fedha zote mezani, waseme lipi linakuja, la nani, na kwa tarehe gani. Utafiti wa Masicampo na Baumeister unadokeza kwa nini kikao hicho hulipa: jambo lenye mwenyewe na tarehe halihitaji kulindwa na wote wawili.

Itaulizwa: na nyumba isiyo na mtu wa pili? Kampala ina nyumba nyingi za mama peke yake, na za bibi anayelea wajukuu. Hapo hatari ni kwamba eneo huhamia kimyakimya kwa binti mkubwa, ambaye akiwa na miaka 12 anajua sabuni imebaki kipande na mdogo wake ana kikohozi, huku kaka yake akijua ratiba ya mpira. Watoto wanaweza kubeba, na kubeba huwakomaza, mradi eneo lao ni dogo, limetajwa wazi, na mvulana ana lake sawa na msichana. Kwa mengine, dawa ya nyumba ya mtu mmoja ni kupunguza idadi ya maamuzi: chakula kinachojulikana kwa kila siku ya wiki, siku moja ya soko Kalerwe, ununuzi wa jumla pamoja na majirani wawili ili makaa yaje kwa gunia badala ya mkebe. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo munno mukabi, ambavyo kwa kawaida hukumbukwa msiba unapotokea, vinaweza kufanya kazi hii ya kawaida pia.

Kuna sehemu ya mzigo ambayo haitakwisha hata nyumba zikigawana kwa haki, kwa sababu hutengenezwa nje ya nyumba. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, wanafunzi takriban milioni 15 walirudishwa nyumbani; zilifunguliwa tena kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na kufungwa huko kulikuwa miongoni mwa kufungwa kwa shule kwa muda mrefu zaidi duniani. Masomo ya redio na ya kurasa za magazeti yalihitaji mtu wa kujua ni darasa gani, saa ngapi, na nani amefanya zoezi. Taasisi ilipoacha kukumbuka, nyumba ilikumbuka kwa niaba yake. Kwa kiasi kidogo jambo hilo hutokea kila muhula: shule inapobadilisha orodha wiki moja kabla ya kufungua, inapopiga simu kwa mama tu ilhali fomu ina namba mbili, mwajiri anapomshangaa baba aliyeomba ruhusa ya kwenda kliniki. Kuyarekebisha hayo hakuhitaji bajeti. Kunahitaji shule itoe orodha ya mwaka mzima mara moja na iwapigie wazazi wote wawili.

Mabadiliko ya ndani ya nyumba yatakuwa na bei, na heri ijulikane mapema. Mtu aliyekabidhiwa umeme kwa mara ya kwanza atasahau, na usiku mmoja nyumba itakaa gizani. Aliyekabidhiwa shule atapeleka fagio lisilotakiwa. Wakati huo yule aliyezoea kukumbuka atakuwa na jibu mkononi, na kulitoa kutamchukua nusu dakika. Akilitoa, eneo limerudi kwake pamoja na hatua zake zote nne, na mwenzake amejifunza kwamba kusahau hakuna gharama. Akinyamaza, giza la usiku mmoja litamfundisha mwenzake kuitazama mita. Kwa hiyo kazi ya muhula wa kwanza ni ngumu zaidi kwa anayekabidhi kuliko kwa anayepokea: kuvumilia nyumba iendeshwe kwa namna ambayo yeye asingeichagua.